Kesho ni Tarehe Mosi Septemba

(Maneno haya niliyasema Jumapili, Agosti 31, 2025, katika mkutano wa wazazi wazungumzaji wa Kiswahili tunaoishi Kanagawa, Japani. Wengi walikuwa kazini siku ile wakaniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaacha kama nilivyoyasema.)

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo. Asanteni kwa kuacha mapumziko yenu ya Jumapili, tena kwa joto hili, mkapanda treni kuja kunisikiliza. Watoto wako chumba cha pili, kina dada wanawachezesha. Nimeomba mlango ule ufungwe, kwa sababu ninayotaka kuyasema leo yanatuhusu sisi wazazi kwanza.

Kesho ni tarehe mosi Septemba. Najua jana wengi wenu mlikuwa mnasaka soksi nyeupe na kumgombeza mtoto amalizie kazi za likizo. Shule za kaskazini zilishafungua, na hata huku kwetu zipo zilizofungua wiki iliyopita. Lakini kwa Wajapani tarehe mosi Septemba ndiyo siku ya kurudi shule, na walimu wengi wanalala nayo rohoni. Kwa nini?

Mwaka 2015 serikali ilitoa hesabu ya miaka arobaini na kitu, kuanzia 1972 hadi 2013. Walihesabu watoto na vijana wa miaka 18 kushuka chini waliojiua, wakavipanga vifo vile kwa tarehe. Walikuwa 18,048. Ukigawa kwa siku za mwaka unapata kama 50 kwa kila tarehe. Tarehe mosi Septemba walikuwa 131. Hakuna tarehe nyingine iliyofika hapo. Na siku za mwanzo wa Aprili, mwaka mpya wa shule unapoanza, nazo ziko juu.

Ndugu zangu, ni mtoto gani huyu anayeuogopa mlango wa darasa kuliko kaburi?

Niwaambie nimejuaje haya. Nilikuja huku kusoma, nikakaa, na kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya usaidizi katika chugakko moja, yaani sekondari ya chini, nikiwasaidia watoto wenye wazazi wa kigeni kuelewa Kijapani cha vitabuni. Meza yangu waliiweka hokenshitsu, kile chumba cha afya chenye vitanda viwili na pazia. Nilidhani nitaona watoto wenye mafua na magoti yaliyochubuka. Niliona watoto waliokuwa wanakuja shule kila siku bila kuingia darasani hata mara moja.

Mmoja alikuwa msichana wa miaka 13, Mjapani, si wa kundi langu. Alikuwa anafika saa nne kasoro, kengele ya kipindi cha pili ikishalia na korido ikishakuwa tupu. Hakupita mlango mkuu. Alizungukia nyuma, upande wa bwawa la kuogelea, akagonga dirisha, mwalimu wa afya akamfungulia. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake uwabaki zake.

Mnazijua uwabaki, vile viatu vyeupe vya ndani vyenye jina la mtoto. Mahali pake ni kwenye rafu ya mlango mkuu. Vinakaa pale wiki nzima, mtoto anavirudisha nyumbani Ijumaa vikafuliwe. Huyu binti alikuwa anaondoka navyo kila siku. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kila siku. Kwa nini? Kwa sababu kuna siku alivikuta vimelowa. Siku nyingine alivikuta kwenye pipa la taka. Siku nyingine kimoja hakikuonekana kabisa. Nani alifanya? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza. Mama yake aliniambia baadaye, machozi yanamtoka: "Nilidhani mwanangu anapenda usafi."

Nawaomba mkumbuke viatu vile. Ukiondoka na neno moja tu katika yote nitakayosema, liwe hilo la viatu.

Sasa, neno la kwanza. Mtoto wa huku hasemi. Mwili ndio unaosema.

Wenzetu wanamfundisha mtoto tangu chekechea asiwe meiwaku, asiwe usumbufu kwa watu. Ni malezi mazuri, na matunda yake tunayafaidi sisi sote: treni tulivu, barabara safi, mtoto wa miaka saba anakwenda shule peke yake na anafika salama. Sitasimama hapa kuwasema vibaya. Lakini mtoto aliyelipokea funzo hilo vizuri kupita kiasi hatakusumbua hata kwa maumivu yake. Ataona mama amechoka, baba anarudi usiku, atasema, "Niko sawa." Na kesho atasema tena, "Niko sawa."

Mwili ndio unaokataa. Tumbo linauma asubuhi na kupona saa sita. Kichwa kinauma Jumapili jioni. Homa inapanda kweli, kipimajoto kinaonyesha, halafu Jumamosi haipo. Na kuna hili ambalo wazazi wengi linawachanganya: usiku mtoto anakwambia kesho nitakwenda. Anapanga mkoba wake mwenyewe, anaweka daftari, anatega saa. Asubuhi anavaa sare, anafika mlangoni, miguu haisongi. Mzazi anasema, huyu ananidanganya. Hadanganyi! Usiku alitaka kwenda kweli, na asubuhi hawezi kweli.

Zamani Wajapani waliita jambo hili kukataa shule, kama vile mtoto ni mkaidi. Siku hizi wanasema futoko, yaani kutohudhuria tu. Anahesabiwa mtoto aliyekosa siku 30 au zaidi kwa mwaka bila ugonjwa wala umaskini kuwa sababu. Tangu 1992 Wizara ya Elimu ilishasema wazi kwamba linaweza kumpata mtoto yeyote. Katika mwaka wa shule ulioanza Aprili 2023 walikuwa 346,482, shule za msingi na chugakko pekee. Kwa upande wa chugakko ni kama mmoja kati ya kila 15. Chukua darasa la watoto 30, wawili hawapo.

Kuna baba mmoja hapa kwetu, ameniruhusu kuyasema, ambaye kijana wake aligoma hivyo. Yeye ni mtu wa kazi, anaamka saa kumi usiku kwenda kiwandani. Aliona uvivu. Alimbeba mtoto begani hadi getini, mtoto ameshika nguzo ya geti kwa mikono miwili, na watoto wenzake wanapita wanainamisha macho. Aliniambia, "Dada, nilidhani naokoa elimu yake. Siku ile ndiyo aliyoacha kuongea na mimi." Ilichukua karibu mwaka mzima kijana akae tena meza moja na baba yake.

Simlaumu. Mimi mwenyewe, na kazi yangu ile, nilimwambia yule msichana wa hokenshitsu siku moja, kwa upendo kabisa, "Kesho ujaribu kuingia darasani, eh? Ganbatte." Jitahidi. Hakuja shule wiki tatu. Yeye alikuwa anajitahidi kila asubuhi kuliko mtoto yeyote katika jengo lile, halafu mtu mzima anamwambia ajitahidi.

Neno la pili ni ijime, uonevu. Na hapa nitakaa kidogo.

Tunaposikia uonevu sisi tunafikiria ngumi. Tunamuuliza mtoto, "Wamekupiga?" Anasema hapana, tunashukuru Mungu. Ijime ya huku mara nyingi haina ngumi. Ni kususiwa. Unasema ohayo, habari za asubuhi, hakuna anayeitika. Kuna kundi la darasa la kutumiana ujumbe kwenye simu, la LINE, halafu siku moja linaundwa jipya lenye watu wote isipokuwa wewe. Wanasema lazima ujue kusoma hewa, kuhisi wengi wanataka nini kabla hakijasemwa. Mtoto wetu mweusi, mwenye nywele za kipilipili, anayecheka kwa sauti, hewa ile anaisomaje?

Tena fikirieni darasa lenyewe lilivyo. Watoto ni walewale, chumba ni kilekile, mwaka mzima. Walimu ndio wanaozunguka. Chakula cha mchana mnakula humo humo, kufagia mnafagia pamoja, jioni mnakwenda kwenye klabu ya michezo na wenzenu walewale. Mimi nilikulia Tanga. Nikisakamwa shuleni, jioni nilikuwa na madrasa, nilikuwa na watoto wa mtaa, nilikuwa na binamu zangu saba. Mtoto wa huku akichukiwa na watu 30, hao 30 ndio dunia.

Februari 1986, mvulana wa miaka 13 wa wilaya ya Nakano, Tokyo, alijiua. Miezi michache kabla ya hapo alifika darasani akakuta dawati lake limegeuzwa kuwa madhabahu ya maziko: picha yake, maua, ubani, na kadi ya kumuaga marehemu iliyosainiwa na wenzake. Ulikuwa mchezo, walisema, mchezo wa mazishi. Sasa sikilizeni. Kwenye kadi ile kulikuwa na saini za walimu. Si mmoja. Wanne.

Walimu wanne! Hawakuwa majambazi wale. Waliona utani wa watoto, wakachukua kalamu. Mtaalamu wa elimu ya jamii, Morita Yohji, alieleza kwamba uonevu wa darasani una watu wa aina nne: anayeonewa, anayeonea, wanaocheka, na wanaotazama kimya. Akasema nguvu yake iko kwa hao wawili wa mwisho. Waonevu wanaweza kuwa watatu tu, lakini kimya cha wale ishirini na kitu ndicho kinachomwambia mtoto kwamba amehukumiwa. Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapa mshindo wake ni jeneza.

Miaka 25 ikapita. Oktoba 2011, mvulana mwingine wa miaka 13, mji wa Otsu, mkoa wa Shiga. Wanafunzi wenzake walipoulizwa kwa karatasi baada ya kifo, waliandika waliyoyaona. Habari ikalipuka mwaka uliofuata kwa sababu wakubwa wa elimu wa mji walikuwa wameshafunga uchunguzi haraka. Nchi nzima ilighadhibika, na Juni 2013 Bunge likapitisha sheria ya kuzuia ijime. Mjue sheria hii, maana ni yenu pia. Inasema jambo likimuumiza mtoto kimwili au moyoni, hiyo ni ijime. Haiulizi mwingine alikusudia nini. Mwalimu akikwambia, "Ni utani tu, mama," mjibu kwa upole, kwa Kijapani kibovu ulichonacho, kwamba mwanangu anaumia, na uombe iandikwe. Mwaka wa shule wa 2023 shule ziliripoti kesi 732,568. Idadi inatisha, lakini sehemu yake ni walimu waliojifunza kuandika walichokiona, na mimi naipenda shule inayoandika kuliko shule isiyo na kesi.

Juu ya masomo yenyewe nitapita haraka, mnayaona wenyewe kwenye treni. Saa tatu usiku, mtoto wa miaka 11 ametoka juku, yale masomo ya ziada ya kulipia, amelala amesimama, kadi ya treni inaning'inia kwenye mkoba. Wana msemo wa zamani: ukilala kwa muda wa saa nne tu utafaulu, ukilala kwa muda wa saa tano utafeli. Mwaka 2020 UNICEF ililinganisha watoto wa nchi 38 tajiri. Kwa afya ya mwili Japani ilikuwa ya kwanza. Kwa afya ya akili ilikuwa ya 37. Na mwaka jana, 2024, wanafunzi 529 wa shule za msingi, chugakko na koko, yaani sekondari ya juu, walijiua, wengi kuliko mwaka wowote tangu hesabu hii ianze kuwekwa mwaka 1980. Mwaka huohuo jumla ya wanaojiua nchini ilishuka. Watu wazima wanapona, watoto wanazidi.

Neno la tatu ni aibu ya nyumbani.

Mwaka 1998 daktari wa magonjwa ya akili, Saito Tamaki, aliandika kitabu kilicholifanya neno hikikomori lijulikane na kila mtu: mtu anayejifungia ndani miezi sita au zaidi, hasomi, hafanyi kazi, hana urafiki na yeyote nje ya nyumba yake. Utafiti wa serikali uliotolewa 2023 ulikadiria wako kama milioni 1 na laki 4 na 60 elfu, wa miaka 15 hadi 64. Wengi walianza kujifungia wakiwa wakubwa, baada ya kuharibikiwa kazini, na wengine walianza wakiwa wanafunzi. Chuo kikuu kinafunguliwa Aprili, na mwezi wa tano ukifika kijana amechoka hata kunyanyuka. Wana jina lake kabisa, ugonjwa wa mwezi wa tano. Kuna wanafunzi wanaokula mchana ndani ya choo, mlango wamefunga, bakuli magotini, ili wasionekane wanakula peke yao. Hilo nalo lina jina, benjo meshi. Fikiria njaa inayovumilia harufu ya choo kwa kuogopa macho ya watu!

Na mzazi anafanya nini? Anaficha. Majirani wakiuliza, mtoto yuko Osaka kikazi. Chakula kinawekwa mlangoni. Mwaka unakwenda, kumi inakwenda. Leo Japani wanazungumzia familia za 80 na 50, mzazi wa miaka 80 anamlisha mtoto wa miaka 50 kwa pensheni. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hii methali ya bibi zetu nimeiona ikitimia katika nyumba ya ghorofa ya nne, kituo cha pili kutoka hapa.

Nasi tusijione tuko salama. Simu ikilia kutoka nyumbani tunasema, "Watoto hawajambo, wanasoma Ulaya ya Asia." Nani kati yetu amewahi kumwambia mama yake kijijini kwamba mjukuu hajaenda shule miezi miwili? Tena sisi tuna hatari yetu ya pekee. Kisheria, elimu ya lazima hapa ni kwa raia. Mtoto wa kigeni akiacha shule, hakuna sheria inayomlazimisha mtu amfuate. Wizara ilipochunguza kwa mara ya kwanza mwaka 2019, ilikuta watoto wa kigeni zaidi ya 19,000 ambao huenda hawasomi popote. Mtoto wa Kijapani akipotea darasani, anaingia kwenye hesabu ya futoko. Mtoto wako anaweza kupotea hata kwenye hesabu.

Na nani anasoma barua za shule nyumbani kwako? Si yeye mwenyewe mtoto? Barua inayosema mwanao ana shida, mkalimani wake ni huyohuyo mwanao. Atakutafsiria nini?

Basi tufanyeje? Kuna mambo machache nimeyaona yakisaidia.

Agosti 2015, hesabu ile ya tarehe mosi Septemba ikiwa imetoka karibuni, mfanyakazi wa maktaba ya mji wa Kamakura, huku huku mkoani kwetu, aliandika ujumbe mfupi mtandaoni. Aliwaambia watoto kwamba muhula unakaribia, na kama kwenda shule kunakufanya utamani kufa, njoo maktaba. Tuna katuni. Ukishinda hapa kutwa hakuna atakayekuuliza kitu. Ujumbe ule ulizagaa nchi nzima kwa siku chache. Ulikuwa na nini? Hauna dawa, hauna mtaalamu. Una kiti, na mtu ambaye hatakuuliza.

Kwa hiyo kesho asubuhi tumbo likiuma, mwache alale. Siku moja haimmalizi mtoto. Kwa shule ya msingi na chugakko hapa hawakaririshi darasa kwa sababu ya kukosa siku. Sheria ya Desemba 2016 inatambua kwamba mtoto anaweza kuhitaji kupumzika, na inatambua kujifunza nje ya shule ya kawaida. Kuna vyumba vya kusomea vya halmashauri ya mji, kuna shule huria, na mkuu wa shule anaweza kuzihesabu siku za huko kama mahudhurio. Kuna koko za masafa. Shule nyingi zinatembelewa na mshauri nasaha, muombe miadi kupitia mwalimu wa afya. Na kuna simu ya watoto ya saa 24, bure: 0120-0-78310. Iandikeni sasa, nitasubiri.

Haya. Barua za shule, mtafute mtu mzima wa kuzisoma. Nileteeni mimi.

Yule msichana hakurudi darasani hadi alipohitimu. Cheti alipewa ofisini kwa mkuu wa shule, mchana, wenzake wakishaondoka, tulikuwa watu wanne. Akajiunga na koko ya masafa, akapata kazi ya jioni kwenye duka la maua. Siku ya cheti alivaa uwabaki, na alipotoka alizisahau pale hokenshitsu. Mwalimu wa afya akazichukua ampelekee, akafika mlangoni, akasimama, akazirudisha chini. Alisema, "Akizitaka atarudi." Hajarudi.

Tuna ukumbi hadi saa kumi na moja. Mwenye swali la mbele za watu anyooshe mkono. Mwenye swali lisilosemeka mbele za watu, nitakuwa pale kwenye birika la chai, na sitaondoka mapema.